CD za zamani na makasha yake: nizipeleke wapi?

Mpanga Kabati:
Wakuu, habari zenu. Kaka yangu amehama akaniachia maboksi ya CD: za muziki, za programu za kompyuta, na nyingine alizorekodi mwenyewe, juu zimeandikwa kwa kalamu tu. Nyingi zimo ndani ya makasha yake ya plastiki. Je, nizimwage zote kwenye mfuko mmoja na chupa za maji, waokota plastiki wakija wachukue? Zile alizorekodi zinanitia wasiwasi, huenda zina nyaraka zake.

Mchambuzi wa Plastiki:
Mkuu, tafadhali usichanganye. Kazi yangu ni kuchambua plastiki, na CD zikiingia kwenye gunia la chupa zinatuharibia mzigo mzima. Chupa ya maji, CD na kasha lake ni plastiki tatu tofauti kabisa. CD ni polikaboneti, plastiki imara inayotengenezewa hata miwani ya kinga. Kasha lile angavu linalopasuka ukiliangusha ni polistirini, ile yenye alama ya namba 6. Ukiziyeyusha pamoja hazishikani, unapata kitu kinachokatika mkononi.

Chukua CD moja uitazame ukingoni kwenye mwanga. Unene wake ni milimita 1.2, na karibu wote ni plastiki angavu. Mng'ao ule ni utando mwembamba mno wa alumini, na juu yake kuna vanishi na maandishi. Kiwandani huondoa kwanza vitu hivyo vya juu, ndipo plastiki isagwe na kuyeyushwa upya, pengine iwe ganda la kifaa cha umeme au kipande cha gari. Ni plastiki nzuri, inaniuma kuiona jalalani. Tatizo ni kwamba CD moja ina gramu 16 hivi, kwa hiyo kiwanda kinataka mzigo mkubwa. Tafuta wanaokusanya taka za kielektroniki, uwaulize kama wanapokea CD kabla hujabeba maboksi. Za muziki zinazopiga vizuri mpe anayesikiliza bado.

Kwenye makasha, toa karatasi ya mbele, halafu ng'oa kile kitako kinachoshikilia CD. Chini yake kuna karatasi nyingine, na wengi huisahau. Kasha zima usilivunje: wanaotunza CD zao huyatafuta, maana bawaba za kwao hukatika ovyo. Wanaopokea polistirini ni wachache, kwa hiyo kasha lina faida zaidi likibaki kasha.

Mama Bustani:
Mimi huzifunga kamba zikining'inia juu ya mboga, ndege wakiona mmeremeto wanakimbia. Hilo nalo si matumizi?

Mchambuzi wa Plastiki:
Ni matumizi, dada, ila ndege huzoea. Na jua na mvua hubandua ule utando, vipande vikaanguka kwenye udongo wa mboga zako. Zishushe mapema. Muhimu zaidi, msizichome, wala makasha: polistirini hutoa moshi mweusi mzito, nao si wa kuvuta.

Fundi Kompyuta:
Kuhusu nyaraka: muulize kaka kwanza kama ana nakala. Kisha usihangaike kukwaruza upande wa chini, mikwaruzo ya huko huweza kusuguliwa ikatoka. Kwenye CD, data ziko juu, chini kidogo tu ya maandishi. Kwaruza hapo kwa msumari kutoka katikati hadi ukingoni, bandika gundi ya utepe, uivute kwa nguvu. Utando utatoka nayo na plastiki itabaki angavu. DVD ni nyingine: data zake zimebanwa katikati ya sahani mbili, kwa hiyo DVD ikate. Ifunge kwa kitambaa kwanza, vipande vyake ni vikali na huruka machoni.

Mpanga Kabati:
Nashukuru sana. Kumbe DVD nazo zimo, kwenye makasha meusi yanayopindika. Hayo niyaweke na yale angavu?

Mchambuzi wa Plastiki:
Hapana, yaweke peke yake. Hayo kwa kawaida ni polipropilini, namba 5, na wanunuzi wake ni wengi. Vua ile karatasi ya plastiki ya nje na picha iliyo ndani yake, basi.