UZI WA HASIRA: Nimesema "notorious", kwani nimeua mtu?

Guide_wa_Mvita

Nyote hapa mwamjua, simtaji. Yule wa miwani ya jua mpaka ndani ya nyumba. Aliyekaa Uingereza miezi mitatu akarudi hawezi tena kula ugali kwa mkono. Huyo huyo.

Leo asubuhi nimesimama nje ya lango la Fort Jesus na wageni 14, jua la utosi, sauti nimeilainisha. Nshawaeleza Wareno walianza kujenga 1593 wakamaliza 1596. Nshawaeleza Waomani walivyoizingira tangu 1696 mpaka wakaichukua 1698. Neno "famous" nshalitumia mara nne na hata mizinga hatujaifikia. Nikasema nibadilishe kidogo, mtu hali mkate wa mofa kila siku. Nikawaambia: "This is the most notorious building in Mombasa."

Naye yuwapita. YUWAPITA TU. Ana wageni wake, ana njia yake. Akasimama, akacheka kwa pua. Hhmf! Kisha akawageukia wageni WANGU: "He means famous."

Wote 14 wakaangua. Bibi mmoja wa kofia ya ukili alicheka mpaka akajishikiza ukuta wa Wareno.

Sasa sikilizeni, sikatai kwamba "notorious" ni kujulikana kwa ubaya. Nimeshajua. Lakini kile cha pua! Ukitaka kunirekebisha nivute kando, ninong'oneze, "kaka, hilo neno lina doa." Si ndivyo tulivyolelewa? Huyu katoa hewa puani kama kasuku mwenye mafua, mbele ya watu ambao mie ndiye ninayewangoja wanipe bakshishi. Na bakshishi yenyewe msiniulize.

Isitoshe, ngome ile Waingereza waliifanya jela tangu 1895 mpaka 1958. Miaka 63 ya wafungwa! Sifa mbaya ni ipi kama si hiyo? Lakini jawabu hili limenijia niko kwenye tuktuk, Mwembe Tayari. Nusura nimwambie dereva ageuze.

Nimefika nyumbani mahamri hayashuki. Mke wangu kaniuliza wasikia nini, nikamwambia nasikia pua.

BintiKibokoni

Pole kaka. Lakini "notorious" si ndiyo ile "sugu" yetu? Kama mwizi sugu, jambazi sugu? Kwa hiyo umewaambia wageni karibuni kwenye ngome sugu.

Tuktuk_Buxton

NGOME SUGU 😂😂😂 Mie nina abiria hapa anauliza nacheka nini. Kuanzia leo wewe ni Sugu, halina rufaa.

Guide_wa_Mvita

Sikuja kupewa jina hapa. Nazungumzia pua.

Mstaafu_Tudor

Wanangu, niingilie, nimefundisha Kiingereza mpaka mvi. Neno hilo asili yake Kilatini, na maana ya mwanzo ni kitu kinachojulikana, basi. Zamani hata Waingereza walilitumia bila ubaya wowote. Lilichafuka kwa sababu kila lilipotajwa lilikuwa limeandamana na wezi na wazinzi. Kwa hiyo Sugu, siku ngome ile inajengwa ungelisema kwenye lango lile lile na asikucheke mtu. Umechelewa kama miaka 400 tu.

Guide_wa_Mvita

Shukran sana mwalimu. MMESIKIA? Nilikuwa sahihi ila nimechelewa! Na bado akacheka kwa pua. Lakini mwalimu, hata wewe waniita Sugu?

Kanga_za_Jumla

Afadhali wewe. Jirani yangu wa duka, Biashara Street, kamwambia mzungu, "Mama, this kanga is very easy." Bei rahisi, kitu rahisi, kwetu si neno moja? Mama kacheka, mkono uko kwenye pochi, anatoa pesa. Mie mjuaji nikajitia kumsahihisha, "He means cheap." Mama akairudisha kanga. Kumbe "cheap" yaweza kuwa bei ya chini na yaweza kuwa kitu hafifu, na mimi nshasema, siwezi kulimeza. Nimeambiwa baadaye ningesema "inexpensive". Jirani hajanisalimia mpaka leo.

BintiKibokoni

Ngoja. "He means cheap"? Kwa hiyo yule wa pua ni WEWE?

Kanga_za_Jumla

Mie sikucheka kwa pua.

Mchumba_Kisauni

Mie naomba msaada wa haraka, mambo ya wazee baadaye. Nimemsifu mchumba wangu kwa meseji, nimeandika "you look skinny". Nilikusudia ule wembamba wa kupendeza. Amenibloki tangu Ijumaa.

Tuktuk_Buxton

Hiyo ni "slim" ndugu yangu. "Skinny" umemwambia amebaki mifupa. Mahari ulishatoa?

Mchumba_Kisauni

Nusu.

Tuktuk_Buxton

Inna lillahi.

Wa_Bara_Niko_Nyali

Nyinyi watu wa Pwani mnapenda kulia. Ofisini kwetu watu wanasema "borrow me your charger" kila siku na hakuna mtu huulizwa kama alimaanisha "lend". Charger inatolewa, maisha yanaendelea.

Dafu_Kongowea

Wa bara nyamaza, jana umenunua dafu kwangu ukaliita nazi changa. Na nyote mwahangaika bure na Kiingereza. Mwingereza wa watu ana "coconut" moja, kaanza nayo na atazikwa nayo. Sisi tuna kidaka, tuna kitale, tuna dafu, tuna koroma, ndipo tufike nazi. Mpunga uko shambani, mchele uko dukani, wali uko sahanini, yeye kote ni "rice" tu. Mpelekeeni yule wa pua koroma mkononi mumuulize hii ni nini.

Wa_Bara_Niko_Nyali

Koroma ni nini?

Dafu_Kongowea

Hhmf.

Guide_wa_Mvita

HIYO NI PUA? Umetoa pua kwenye uzi wangu?

BintiKibokoni

Tukiwa kwenye koroma, nami nina langu. Kuna muuza madafu ananiuzia koroma kila Jumamosi na kuapa ni dafu. Si la kunywa, si la kukuna. Ukilalamika anakuita "dada mrembo". Simtaji. Yule wa mkokoteni wa kijani.

Tuktuk_Buxton

Wa kijani wa karibu na msikiti au wa kijani wa stendi?

BintiKibokoni

Wa msikiti.

Kanga_za_Jumla

Huyo! Kanichanganyia mawili kwenye kumi wiki jana.

Mstaafu_Tudor

Mie kanipa manne. Na nilimfundisha darasa la sita.

Dafu_Kongowea

Naona mwanitazama mimi. Mkokoteni wangu ni bluu.

Guide_wa_Mvita

Jamani, uzi ni wangu.

Mchumba_Kisauni

Bluu ile iliyoparara mpaka ikawa kama kijani?