Naomba ushauri: kukuza picha ya mlango bila kupoteza nakshi

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nina picha ya mlango wa nyumba ya marehemu babu, hapa Lamu mjini. Mlango wenyewe ulishauzwa, picha ndiyo iliyobaki. Ina pikseli 1600 kwa 1200, nasi twataka kuichapisha upana wa sentimita 60. Kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) haivuki sentimita 13 na nusu!

Nikiikuza kwa GIMP, programu ya kuhariri picha, maua yaliyochongwa kizingiti cha juu yanafifia, petali zinashikana. Programu za akili bandia naziogopa: huongeza mistari ambayo fundi hakuichonga, na mkono wa fundi ndio tunaoutaka.

Je, niikuze mara moja au kidogo kidogo? Ninoe kingo (nizidishe ukali wa mistari ya nakshi) kabla ya kukuza au baada? Ikitundikwa juu sebuleni, dpi 100 yatosha?