MREJESHO: Kupima mfumo wa buking kwa seva za wingu (Arusha)

Wakuu, niliuliza namna ya kupima mfumo wa buking wa kampuni ya utalii hapa Arusha kabla ya msimu wa Juni, kwa kuwa seva ya ofisini haibebi watumiaji wengi. Asanteni sana wote mliojibu.

Ushauri wa kukodi seva za wingu (kompyuta za kukodi kupitia mtandao) kwa saa umefanya kazi. Tulichukua mbili kwenye kituo cha Cape Town: moja ya mfumo, nyingine ya JMeter, programu inayoiga watumiaji wengi, peke yake. Kuzitenganisha ni muhimu mno, maana zikikaa pamoja zinagombania prosesa na majibu yanapotosha. JMeter iendesheni kwa amri ya jmeter -n -t, bila dirisha, kwani dirisha linakula memori. Watumiaji 300 kwa pamoja walifichua tatizo lenyewe: PostgreSQL, yaani hifadhidata ya mfumo, isiporekebishwa huruhusu miunganisho 100 tu. PgBouncer, programu inayowafanya watumiaji wengi wachangie miunganisho michache, ikawekwa katikati, tatizo likaisha. Seva kubwa zaidi isingesaidia kitu.

Majina na pasipoti za wageni tulizibadilisha kabla ya kupakia data, kama mlivyosisitiza kuhusu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Kilichogoma ni malipo ya simu. Seva ikizimwa na kuwashwa inapata anwani mpya ya IP (namba yake ya mtandaoni), wakati mtoa huduma anatambua iliyosajiliwa tu. Tumekodi anwani ya kudumu, usajili bado, hivyo sehemu hiyo haijapimwa.

Halafu, kuzima seva jioni hakusimamishi gharama zote: diski na anwani vinaendelea kulipiwa. Mkimaliza kupima, chukueni nakala ya diski, kisha futeni seva kabisa pamoja na diski na anwani yake.