Glock 19 au CZ 75 B: ipi salama zaidi kubeba kiunoni?

Mkaa_Kibaha
Wakuu, habari za jioni. Kibali changu kimetoka, nimezunguka nimebaki na bastola mbili: Glock 19 mpya na CZ 75 B iliyotumika kidogo. Zote ni milimita 9, bei hazipishani sana. Ninachohofia ni kimoja. Glock haina sefti, yaani kizuizi cha usalama, ya kuwasha na kuzima kwa kidole. Mtu anaibebaje kiunoni kutwa nzima akiwa na amani? CZ ina sefti unaiona kwa macho. Naombeni ushauri kabla ya Jumamosi.

Chuma_Tupu
Mkuu, umeacha yote ya maana. Utaibeba wapi, ubavuni au mbele ya tumbo? Umewahi kufunzwa, au ndiyo mguu wa kuku wako wa kwanza? Nyumbani kuna watoto?

Nyanda_za_Juu
Glock ina sefti tatu, ila zinafanya kazi zenyewe. Tazama triga yake, pale kidole kinapovuta kufyatua, katikati kuna ulimi mdogo. Usipoukandamiza ule ulimi, triga haiendi nyuma. Ya pili ni kizuizi kinachoziba njia ya pini ya kufyatulia, ile inayogonga risasi. Ya tatu inaishika pini isichomoke bastola ikianguka. Ndivyo ilivyo tangu Glock 17 ya miaka ya 80. Lakini shika hili: zote tatu zinafunguka kwa mvuto mmoja wa triga. Kiwe kidole, iwe kamba ya jaketi iliyoingia kwenye holsta (mfuko wa kubebea bastola), kikivuta triga hadi mwisho risasi inatoka. Ndiyo maana Glock inataka holsta ngumu inayofunika triga yote. Zile za kitambaa laini achana nazo. Na unaporudisha bastola kwenye holsta, rudisha taratibu huku unatazama.

Mstaafu_Tabora
Vijana, mimi nilibeba CZ 75 ya zamani, ile isiyo B, miaka sita kazini. Sefti yake inakubali tu nyundo, kile kinyundo cha nyuma kinachogonga pini, ikiwa imekokiwa, yaani imevutwa nyuma. Ukitaka kuibeba nyundo ikiwa chini na risasi iko chemba, yaani imekaa tayari nyuma ya mtutu, unabana nyundo kwa dole gumba, unavuta triga, halafu unaishusha polepole kwa mkono. Nilifanya hivyo kila asubuhi, nikaona nimeshazoea. Siku moja nimeingia lindoni nimelowa mvua, mikono inateleza, nyundo ikaniponyoka. Mlio wa bastola ndani ya chumba kidogo cha tofali usiuombe. Masikio yalivuma hadi jioni. Risasi ilipiga sakafu hatua mbili kutoka kwa mwenzangu aliyekuwa ameinama anafunga viatu, na kipande cha saruji kikamchana goti. Nakumbuka alivyolishika goti lake na kunitazama bila kusema neno. Siku tatu hakunisemesha, na alikuwa na haki. Kilichomwokoa ni kwamba mtutu nilikuwa nimeuelekeza chini. Tangu hapo sijashusha tena nyundo kwa mkono juu ya risasi. Kama roho yako iko kwa CZ, tafuta 75 BD. Pale penye sefti pana kidude, ukikibonyeza nyundo inashuka yenyewe bila kugusa triga.

Chuma_Tupu
Pole sana mzee. Hiyo B si ina kizuizi cha pini? Kingekusaidia?

Mstaafu_Tabora
Kisingenisaidia. Kizuizi kinafunguka triga ikivutwa, na kidole changu kilikuwa bado kimeishikilia nyuma.

Mama_Nafaka
Mimi nanunua mpunga vijijini, natembea na fedha taslimu. Mwaka wa tano huu nabeba Glock, magazini (kisanduku cha risasi) imejaa, chemba tupu. Nikihitaji, nakoki, yaani navuta slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola, risasi iingie chemba. Usingizi wangu mzuri.

Nyanda_za_Juu
Dada, kukoki kunataka mikono miwili. Mtu akikushika mkono mmoja, au umeshika usukani, utakoki na nini?

Mama_Nafaka
Nimelifikiria hilo, na nimechagua. Hatari ya kila siku kwangu ni mkoba kuanguka na mwanangu kuuokota. Jambazi sijawahi kukutana naye.

Mzee_Browning
Mnasahau Browning Hi-Power. Ukichomoa magazini, triga haifyatui hata kama risasi iko chemba. Hakuna wazo bora kuliko hilo kwa nyumba yenye watu.

Nyanda_za_Juu
Mzee wangu, heshima yako, lakini hapo napinga kabisa. Aliyezoea Browning akishika Glock atachomoa magazini aamini iko tupu, kumbe risasi iko chemba na itafyatuka. Na Glock ili uifungue kuisafisha lazima uvute triga kwanza. Toa magazini, vuta slaidi, angalia chemba kwa jicho, kisha ingiza kidole ndani uguse. Ndipo uvute.

Mzee_Browning
Kuguswa chemba sipingi. Ila mimi ya kwangu siiachi.

Mkaa_Kibaha
Nashukuru wote. Kujibu maswali: nitabeba ubavuni, ndani ya suruali. Nilipitia mgambo, lakini bunduki ndefu tu, bastola sijawahi. Watoto wawili, miaka 4 na 9. Halafu natumia mkono wa kushoto, sijui kama ina uzito.

Chuma_Tupu
Ina uzito mkuu, ungeanza na hilo! Sefti ya CZ 75 B iko upande wa kushoto wa bastola, imewekwa kwa dole gumba la mkono wa kulia. Wewe utaifikiaje? CZ 85 ndiyo yenye sefti pande zote mbili.

Mkaa_Kibaha
Hiyo 85 sijaiona sokoni. Basi Glock?

Mstaafu_Tabora
Kabla ya Glock wala CZ, tafuta mwalimu wa bastola. Na mtoto wa miaka 4, nyumbani itakaa wapi?

Mkaa_Kibaha
Kabatini chumbani, lina kufuli.

Mama_Nafaka
Kabati la mbao?

Mkaa_Kibaha
Ndiyo, la mninga.

Mama_Nafaka
Nunua sanduku la chuma kwanza, lifungwe kwa bolti ukutani. Ufunguo utembee na wewe, usikae juu ya kabati. Wangu aliupata hapo akiwa na miaka 5, alipanda stuli.