GS (mfungaji mkuu) mrefu kanishinda, namkabaje bila kupigiwa filimbi?

gk_wa_wete
Assalam alaykum wapenzi wa netiboli. Mie nacheza GK (mlinzi wa goli) timu ya mtaa hapa Wete, kimo changu mita 1.62 tu. Juzi tumecheza na timu ya Chake wana GS mrefu huyo wallahi, wenzake wanamrushia juu, anadaka kwa mkono mmoja, anageuka anafunga. Nikiruka filimbi, nikinyoosha mikono filimbi, robo ya tatu nlikuwa nalia kiwanjani. Refa ananambia niko karibu mno na mie naona nimerudi nyuma kabisa. Nifanyeje jamani, wiki mbili zijazo tunarudiana nao.

refa_mstaafu
Waalaykum salaam mwanangu, pole sana. Akishashika mpira, mguu wako ulio karibu uwe sentimita 90 kutoka mguu wake aliotulia, na inapimwa chini kwenye ardhi, sio kifuani wala kwenye mpira. Hata akiuinua ule mguu tunapima pale ulipotua. Wengi wenu mnarudisha kiwiliwili tu, miguu imebaki pale pale, ndo maana unajiona umerudi. Kuruka ruhusa, ila ukitua ndani ya zile 90 ukamsumbua anaporusha, filimbi halali. Na ukipigiwa unasimama pembeni yake huchezi mpaka mpira umtoke mkononi, yaani umempa goli la bure.

gd_wa_zamani
Shoga angu refa kasema kweli ila mie naona tatizo lako linaanza mapema zaidi, wewe unaanza kumkaba mpira ushamfika. Sisi wafupi vita vyetu ni kabla. Akiwa hana mpira unaweza kumkaribia utakavyo, usimguse tu wala usimpanulie mikono, kwahiyo wahi wewe ile nafasi ya chini ya pete, simama imara, yeye ndo azunguke. Ukimsukuma umekwisha, ukiwahi miguu hana la kukufanya, atadakia kule ukingoni mwa duara la kufungia, na duara lina mita 4.9 toka kati ya mstari wa goli, kufunga kutoka kule na upepo huu wa kusi si mchezo. Halafu WD (mlinzi wa pembeni) na C (mchezaji wa kati) wenu wako wapi?? Mpira wa juu unahitaji mtu atulie aupime, mrushaji ana sekunde 3 tu, akikabwa vizuri atarusha vibaya na GD (mlinzi mwenzio) anaudaka kwa nyuma. Yule Jhaniele Fowler, GS wa Jamaika, ana mita 1.98, ukimsubiri aushike ndo umruke hata uwe GK wa dunia utachoka bure, anayekabwa ni yule anayempa.

kocha_wa_skuli
Nakubali, ila mara nyingine ataushika tu na lazima ujue kusimama. Mie wanafunzi wangu nawakatia kamba ya usumba sentimita 90, mmoja anaikanyaga huku mwenzie kule, wanafanya kila siku mpaka mguu unajua wenyewe bila kuangalia chini. Ukishazoea, simama kwa mguu mmoja kwenye vidole, mwengine upeleke nyuma ukubebe uzito, ndo uinamie mbele mkono juu ya mpira. Mwanzo utaanguka, hesabu mpaka tatu bila kutikisika. Mfungaji apande kwenye benchi ili uzoee urefu. Na akisharusha usisimame kuangalia!! Geuka, mzibie kwa mgongo, pete yetu haina ubao nyuma, mpira ukikosa unadondoka hapo hapo karibu.

gk_wa_wete
Ahsanteni mno, Allah awalipe. Nimepima sasa hivi barazani na mdogo wangu, kumbe pale nlipokuwa nasimama ni kama sentimita 60! Kamba nshaikata. Huyu WD wetu ndo ana uvivu wa kurudi, leo alasiri tuna mazoezi nampa simu asome mwenyewe.