Mtoto wa S.1 na pesa ya matumizi

Mama wa Busia: Jamani, kijana wangu yuko S.1, mwaka wa kwanza wa sekondari hapa Uganda, anakaa bweni. Nilimpa 60,000 za muhula, wiki ya nne akaazima simu ya mwalimu: "Mama, tuma kidogo." Zote zimeishia kantini, chapati na soda! Nimfundisheje bila kugombana?

Fundi Cherehani, Bombo: Pole dada. Muhula una kama wiki 12, kwa hiyo hiyo ni 5,000 kwa wiki. Usimpe zote. Ziwekwe kwa msimamizi wa bweni, achukue kila Jumamosi na aandike daftarini: sabuni, kalamu, chapati. Wangu alichukia mwanzo. Sasa ananidai hesabu mimi! Ila usimkaripie kwa kila soda; hela yake aionje.

Wakala wa Simu: Likizo mpeleke kwa wakala, atoe pesa mwenyewe. Akitoa 20,000, kodi ya serikali ni nusu ya asilimia moja, yaani shilingi 100, na ada ya kampuni iko juu yake. Akitoa kidogo kidogo mara nne, ada hiyo inalipwa mara nne. Apige hesabu mwenyewe, msimsaidie. Na namba ya siri asimpe mtu, hata rafiki wa chumbani.

Mama wa Busia: Asanteni. Daftari nanunua kesho. Baba yake anasema tumkatie kabisa, lakini bila pesa ya sabuni ataoga na nini?

Fundi Cherehani, Bombo: Mwambie shemeji anunue yeye sabuni 😄