Tarehe ya Mama ni 14 Machi

*Kikundi: Ukoo wa Kisauni*
*Jumanne, 20 Januari*

Zuhura (Minneapolis): Assalaam aleikum nyote. Baba, shikamoo. Tumerudi kliniki sasa hivi. Mtoto amefika kilo 3 na gramu 100, alhamdulillah, na ule mrija wa puani wameutoa. Ila mimi wameniona ngiri pale pale kwenye mshono wa operesheni. Wananipasua tena 26 Februari, na baada ya hapo nisibebe kitu kizito wiki 8. Mume wangu yuko barabarani na lori, akiondoka ni wiki mbili. Tikiti ya Mama ni ya 10 Machi. Nawaomba mniwie radhi, nataka Mama aongeze muda wa kukaa kwangu huku Marekani.

Mama Mdogo Rukia: Wa aleikum salaam. Pole mwanangu, mitihani hiyo. Mungu akupe shifaa.

Ami Salim: Pole sana Zuhura. Lakini tatizo liko wapi? Mimi ndiye niliyemsindikiza mama yenu ubalozini Nairobi, na ile viza niliisoma kwa macho yangu: mpaka 2028. Akae tu amwangalie mwanawe.

Mama Mdogo Rukia: Hata mimi najua 2028.

Nasra (Columbus): Ami, shikamoo. Hapo ndipo wengi wanapopotea, na naomba tuelewane vizuri kwa sababu ndipo penye hatari. Tarehe ya kwenye stika ya viza ni ya kupigia hodi. Mpaka 2028 Mama anaweza kusafiri akafika mlangoni pa Marekani akaomba kuingia. Muda wa kukaa ndani ni kitu kingine, huo anaukata afisa wa mpakani siku unaposhuka, na unaandikwa kwenye rekodi inayoitwa I-94. Zuhura, ingia i94.cbp.dhs.gov. Weka jina la Mama kama lilivyo kwenye pasipoti, nambari ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa. Tuambie kimeandikwa nini.

Zuhura: Nimeipata. Aliingia 15 Septemba. Mwisho wa kukaa 14 Machi.

Nasra: Basi tarehe ya Mama ni 14 Machi. Hiyo 2028 tuiweke kando.

Ami Salim: Marahaba Nasra. Sikulijua hilo. Na akipitisha kidogo je? Mtu mzima yule, watamfanya nini?

Nasra: Ami, mtaani kwetu hapa kuna bibi alipitisha miezi 4 kwa kuiamini stika. Siku ya kuondoka hakuulizwa na mtu. Alipoomba tena kuja kumwona mjukuu wa pili ndipo alipoambiwa ile viza ilikufa siku alipopitisha I-94, aanze upya, na rekodi mbaya juu. Na huyo ni wa miezi 4. Ukipitisha zaidi ya siku 180 halafu ukatoka, huingii miaka 3. Ukifikisha mwaka, miaka 10. Mama ana miaka 67.

Mama Mdogo Rukia: Ya Rabbi.

Athmani (Toronto): Kwa nini asije huku kwangu wiki moja, halafu arudi kwa Zuhura agongewe miezi 6 mipya?

Nasra: Canada inataka viza yake, Athmani, na Mama hana. Hata angekuwa nayo, akienda siku chache na kurudi, afisa anaweza kumwachia tarehe ile ile ya Machi. Tusimtese na viwanja vya ndege. Kuna njia ya halali na si ngumu: fomu I-539 ya kuomba kuongezewa muda, inapelekwa USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani. Mwaka jana nilimjazia mama mkwe.

Zuhura: Kuna wakala hapa ameniambia dola 1,200.

Nasra: Usimpe. Ada ya serikali ni dola 420 ukijaza mtandaoni, 470 ukituma karatasi. Ile 85 ya alama za vidole waliiondoa 2023. Akaunti ifungueni kwa jina la Mama, mwombaji ni yeye, si wewe. Wanashauri ombi lifike siku 45 kabla ya I-94 kwisha. Nimehesabu, ni 28 Januari. Tuna siku 8.

Mama Mdogo Rukia: Andikeni kwamba Mama ndiye mgonjwa. Watamwonea huruma haraka.

Nasra: Hapana Mama Mdogo, nisamehe. Ile fomu Mama anaitia sahihi akiapa kuwa yote ni kweli. Uongo ukigundulika unaweza kumfungia mlango maisha. Na ukweli wetu unatosha: binti anapasuliwa, kuna kichanga kilichozaliwa kabla ya siku zake, mama anataka kuwa karibu nao kisha arudi kwa mumewe. Zuhura, mwombe daktari barua yenye tarehe ya operesheni na zile wiki 8. Weka na taarifa zenu za benki kuonyesha mnamudu kumlisha, nakala ya pasipoti na I-94, na tikiti iliyosogezwa. Pia wataka kuona ana kitu cha kumrudisha nyumbani. Baba, ile hati ya nyumba tunaihitaji kwa picha.

Jambo jingine Zuhura: shemeji akimtumia Mama pesa za matumizi, asije akaandika "malipo ya kulea". Mgeni haruhusiwi kufanya kazi ya malipo.

Baba: Nimesoma yote. Ramadhani haiko mbali. Nilikuwa nimehesabu kumi la mwisho tutafuturu pamoja, na Idi pamoja.

Zuhura: Baba, najua. Ndiyo maana nilishindwa kukupigia, nikaandika hapa.

*Ujumbe wa sauti wa Mama, dakika 1 na sekunde 12*

Mama Mdogo Rukia: Shemeji hasikii vizuri kwenye simu, nimemwandikia alivyosema dada:

"Mzee wangu, mimi kwangu ni Kisauni. Hapa nachungulia dirishani naona theluji tu, hata kuku hapiti. Vidonge vyangu vya presha jana nimevihesabu, vimebaki 54, nilivileta vya kunifikisha siku ya kurudi. Kukaa bila ruhusa sitaki. Nilikuja kwa hodi, nitaondoka kwa kuaga. Lakini huyu mwanao anakwenda kupasuliwa na kichanga hakijakaza shingo. Nimwachie nani? Ukisema nirudi, nitarudi. Sema wewe."

Baba: Mwambieni akae.

Baba: Mpaka lini?

Nasra: Tuombe mpaka 31 Mei, Baba. Wanaweza kutoa hadi miezi 6, lakini barua ya daktari inatufikisha mwisho wa Aprili. Tukiomba zaidi ya sababu tuliyo nayo, afisa atajiuliza.

Ami Salim: Na Machi ikifika kabla hawajajibu?

Nasra: Hutokea sana, wanachelewa. Ombi likiwa limepokewa kabla ya 14 Machi, anaruhusiwa kusubiri jibu akiwa ndani. Wakikataa, anafunga sanduku mara moja. Na 31 Mei ikifika kimya, anapanda ndege vilevile. Ile risiti aitunze pamoja na pasipoti, siku akija tena ndiyo ushahidi wake.

Zuhura, bima yake nayo inakwisha Machi, iongeze. Ila bima za wageni kwa kawaida hazilipi ugonjwa mtu aliokuja nao, kwa hiyo pesa ya daktari wa presha itengeni pembeni. Mpeleke Februari, kabla hujapasuliwa.

Athmani: Dada Nasra, 420 natoa mimi.

Zuhura: Mungu akuzidishie, kaka.

*Jumapili, 25 Januari*

Zuhura: Tumetuma usiku. Mama ameisoma fomu yote, kila mstari nilimfasiria, ndipo akatia sahihi. Nambari ya risiti imeshakuja, inaanza na IOE. Nimeichapa, ameitia ndani ya pasipoti na kuifunga kwenye leso.

Ami Salim: Alhamdulillah. Mmefanya jambo.

Baba: Hati nimeirudisha kabatini. Leo nitapiga baada ya Isha, saa mbili na nusu. Kwenu itakuwa saa tano na nusu asubuhi. Mtoto awe macho.